Kutoka madesa ya HKL hadi kipande cha manamba: nilivyosoma historia Mlimani

Mtu akimaliza kidato cha sita na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), madesa yake, yaani notsi za kukariri, yakiwa mkononi, akapata nafasi ya ualimu wa sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huwa anaamini kwenye Historia ana mtaji tayari. Mtaji upo, ila ni wa kukariri: sababu sita za hiki, athari saba za kile. Pale Mlimani unakwisha mapema. Swali la kwanza la mtihani nililokutana nalo halikuuliza sababu za kitu chochote. Lilitaja dai la mwanahistoria mmoja, likataka tuonyeshe amelijenga juu ya ushahidi gani, na ushahidi huo unaweza kubeba uzito kiasi gani. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, na si kimya cha watu wanaoandika.

Wadogo zangu wengi wananiuliza nilizimuduje kozi zile, na hasa tasnifu ya mwaka wa tatu ambayo wengine wanaiogopa kuliko sapu, yaani mtihani wa marudio. Nitaeleza yangu.

Mpangilio wa kozi wenyewe hautishi. Unaanza na historia ya Afrika kwa upana wake, unaingia Tanzania, unakutana na historia ya uchumi, kisha nadharia na mbinu za utafiti. Katikati kuna kozi za kuchagua kuhusu sehemu nyingine za dunia. Mimi nilichagua Urusi kwa sababu tu kipindi chake kilikuwa asubuhi na bumu langu, ile posho ya mkopo wa chuo, halikuruhusu nauli ya kwenda na kurudi mara mbili kwa siku. Sijutii.

Kilichonisaidia kuanza kuelewa ni kujua idara yenyewe ilikotoka. Ilianza 1964, chuo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Terence Ranger. Kizazi kile, kina Isaria Kimambo na Arnold Temu, kilikuwa na kazi ya kuonyesha kwamba Mwafrika alikuwa na historia yake na mipango yake kabla mkoloni hajashuka melini. Akaja Walter Rodney, na kitabu chake cha 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikageuza swali: nani alifaidika na nani alilipa? Ukishajua kwamba walimu waliokutangulia kwenye korido zile walikuwa wanabishana, orodha ya vitabu vya kusoma inaacha kuwa mzigo. Unamsoma huyu ukijua anamjibu yule. Nilianza kuandika pembeni mwa kila fotokopi: huyu anagombana na nani?

Semina iliyonikalia kichwani zaidi ilihusu vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Shuleni tulipewa mistari michache: mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, maji yake ya kuzuia risasi, bunduki za Wajerumani, kushindwa. Hatukuambiwa kwamba mwaka 1968 idara ilianza mradi wa kuwatuma wanafunzi wake wa shahada ya kwanza kwenda kukusanya masimulizi ya wazee walioiona vita ile au walioisikia kwa wazazi wao. Vijana wa umri wangu! Ukisoma habari za Umatumbi unakutana na pamba na mashamba waliyolazimishwa kuyalima chini ya majumbe, viongozi wa vijiji waliotumikia serikali ya Wajerumani, na jinsi watu wa Nandete walivyoing'oa pamba hiyo Julai 1905. Ukisogea Ungoni hadithi inabadilika, unawakuta watawala waliokuwa na madai yao wenyewe ya mamlaka. Halafu vifo. Makadirio ya Wajerumani yalitaja watu 75,000. Gilbert Gwassa, aliyeitafiti vita hiyo kwa undani, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa iliyofuata. Tulitumia semina nzima kwenye tofauti hiyo. Tuliacha kutafuta nani yuko sahihi, tukajiuliza kila mmoja alihesabu nini: waliokufa vitani, au pamoja na mama aliyekufa msituni akitafuta mizizi?

Hapo ndipo nilipopata wazo la tasnifu. Mimi nimekulia Korogwe. Babu yangu mzaa baba alitoka Kasulu akiwa kijana, akaletwa Tanga kukata mkonge, manamba, yaani kibarua wa mkataba, kama maelfu ya wengine. Hakuwahi kurudi kwao. Nilimpelekea msimamizi wangu karatasi yenye kichwa cha habari kirefu kuhusu historia ya mkonge Tanganyika. Aliisoma akiwa amesimama.

"Mkonge mzima unauweza wewe?" akaniuliza. "Niletee shamba moja, miaka kumi, na swali moja."

"Sawa Dokta."

"Na swali liwe ambalo jibu lake hulijui."

Yote niliyokuwa nimeyasoma, kuanzia Richard Hindorf kuingiza mkonge kutoka Florida mwaka 1893 na kubakiwa na miche 62 iliyopona safarini, hadi ile ofisi ya kuajiri vibarua iliyoitwa SILABU iliyoanzishwa 1944, yakawa aya mbili za utangulizi. Swali likawa: mkata mkonge wa miaka ya 1950 alilipwa kiasi gani hasa?

Nilidhani jibu liko maktaba. Kitengo cha East Africana kinazo taarifa za mwaka za Idara ya Kazi ya serikali ya kikoloni, zimejaa majedwali. Mshahara unatajwa kwa kadi ya siku 30 za kazi, iliyoitwa kipande. Ukiwa na haraka unaandika "kwa mwezi" na unaendelea na maisha. Vitabu kadhaa nilivyovisoma vilifanya hivyohivyo.

Vibali ni habari nyingine. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa wa Wilaya, inafika kwa mtendaji wa kata, na kila meza ina muhuri wake na siku yake ya kutokuwepo. Anza mapema, kabla hata hujamaliza pendekezo lako la utafiti. Kwenye ofisi ya shamba lenyewe niliambiwa vitabu vya zamani vya mishahara vilishachomwa. Nikabaki na wazee.

Mzee niliyemkuta wa kwanza alikuwa amekaa kibarazani anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe wa nani?"

Nikamtajia babu yangu. Akacheka sana, akaita ndani: "Mama, njoo umwone mjukuu wa yule Muha wa korona!" Babu kumbe aliishia kwenye korona, yaani mashine za kuchakata majani ya mkonge, mimi nyumbani sikuwahi kuambiwa. Kuanzia hapo barua yangu yenye mihuri haikufunguliwa tena.

Alinitolea kadi yake kutoka kwenye kopo la maziwa. Ilikuwa ya karatasi ngumu, imelainika pembeni kama kitambaa, na ina miraba 30. Miraba iliyojazwa ilikuwa na alama za penseli ya zambarau. Nyuma kulikuwa na sahihi ya karani na kitu kama alama ya mafuta. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo kazi ya mwezi mmoja.

"Mwezi wa nani?" akasema. "Hizo ni siku 30 za karani."

Akaeleza. Ukiumwa, hakuna alama. Mvua ikizuia, hakuna alama. Ukikata mafungu yasiyofika idadi uliyopangiwa, karani anakuangalia tu, na siku imekwenda. Kadi haijajaa, hulipwi. Yeye kwa kawaida kipande kimoja kilimchukua wiki sita hivi. Wenzake niliowahoji baadaye walitaja kati ya wiki tano na nane.

Mkewe alikuwa anapeta mchele pembeni. Bila kuinua kichwa akasema, "Mwambie na nusu ya alama hizo ni zangu." Naye alikuwa akienda shambani alfajiri kumfungia majani mumewe ili idadi itimie kabla ya jua kali, kisha anarudi kulima bustani ya mihogo iliyowalisha. Jina lake haliko kwenye kadi yoyote.

Usiku ule nilipiga hesabu kwenye daftari. Kama kadi ingejaa kila siku 30, mtu angemaliza kadi 12 kwa mwaka. Ikichukua siku 42, hafikishi hata 9. Maana yake mshahara wa "mwezi" ulioandikwa vitabuni unapungua kwa zaidi ya robo, na bado hujagawa kwa watu wawili waliouhangaikia.

Nilirudi Mlimani nikijiona nimeiangusha serikali ya Malkia. Msimamizi akanishusha. Wazee wachache hawaangushi mfululizo wa taarifa za miaka, akasema, na kumbukumbu ya mtu wa miaka themanini nayo ina makarani wake. Tukabishana, na mabishano hayo ndiyo yaliyoniandikia sura ya nne. Taarifa za Idara ya Kazi hazikudanganya: zilijibu swali la mwajiri, yaani kazi za siku 30 zinamgharimu shilingi ngapi. Mzee na mkewe walijibu swali la mlaji, yaani hela inafika nyumbani baada ya muda gani. Niliviweka vyote viwili mezani na kueleza kila kimoja kilitengenezwa na nani, kwa ajili ya nani. Kuandika kwenyewe kulifanyika kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, jioni, msuli wa kweli, huku wenzangu wa uhandisi wakinicheka kwamba nahesabu mkonge.

Nikapata alama nzuri, B+. A ilinikosa kwa sababu ya sura ya nadharia, ambayo hata leo nikiisoma naona imebandikwa kwa gundi.

Sasa nafundisha sekondari. Tukifika uchumi wa kikoloni, nachora ubaoni miraba 30 na kumwita mwanafunzi mmoja awe karani, wengine wakata mkonge. Karani huwa mkali kuliko nilivyotegemea. Mwaka huu binti mmoja wa nyuma alinyoosha mkono kabla hatujamaliza.

"Mwalimu, hii inatoka kwenye mtihani wa NECTA?"

"Vibarua wa kikoloni wapo kwenye silabasi," nikamwambia.

"Na yule mke wake je?"

"Yeye bado."

Akaandika hata hivyo.