Usukani uligoma, ngama haikauki: nilivyoinyoosha boti yangu kuukuu

Nunua boti kuukuu Mombasa uone mafundi watakavyochipuka. Hii yangu ni ya faiba, futi 23, mashine moja nyuma, na aliyeniuzia alikuwa akipeleka wageni kuvua. Aliitoa kwa bei ya kutupa. Sababu niliijua mapema: usukani ulikuwa mzito hadi kupinda kona ilikuwa kazi ya watu wawili, na kila asubuhi nikienda naikuta ngama, ule uvungu wa chini kabisa ndani ya boti, imejaa maji na betri imekufa.

Ushauri ulikuja wa bure. Mmoja akasema ng'oa kebo yote inayotoka usukani hadi mashine, tia usukani wa haidroliki, ule unaosukumwa na mafuta, jambo ambalo ukijumlisha vifaa na mikono ya watu unazungumzia laki na zaidi. Mwingine akasema pampu ya kutolea maji ngamani ni ndogo, nunua kubwa. Mwingine, betri ndogo, nunua kubwa. Na yupo mwenye sauti kushinda wote aliyeapa kwamba boti imepasuka tumbo na ipigwe faiba upya kote. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeinama akatazama.

Mimi nikaanza na kutenganisha. Fungua ule mkono unaounganisha kebo na mashine, halafu ishike mashine yenyewe uisukume kulia na kushoto. Ikigoma, ugonjwa uko kwenye egemeo lake, na ungetia haidroliki pesa zingekwenda na maji. Yangu ilikwenda bila kinyongo. Kumbe mashine haina neno, taabu iko kwenye kebo, au kwenye ile tyubu ya chuma ambamo fimbo ya kebo huteleza.

Hapo ndipo nikamwita fundi, mtu mzima, wa kutoka karakana za jua kali. Akaja na nyundo. Akaigonga ile fimbo ichomoke, akaigonga tena, na fimbo ikakaa palepale. Kilichobadilika ni kichwa cha fimbo tu, kikapondeka kikawa kinene kuliko tundu linalotakiwa kupitia. Akatoa tochi ya gesi. Nikamwambia, "Ami, tangi la petroli liko chini ya miguu yako." Akasema yeye amefanya hivi miaka yote. Nikamlipa nauli na soda, tukaagana kwa heshima, na jioni nzima nikakaa na tupa nikikipunguza kile kichwa alichokiponda.

Kesho yake nikamfuata mama anayepika mahamri pale karibu na maegesho, nikaazima birika lake kubwa. Maji yakichemka tokota nikayamwaga polepole juu ya tyubu, nikanyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, nikalegeza nati kubwa, kijana akawa anautikisa usukani huku na huku kidogo kidogo. Birika jingine. Jingine. Mama akauliza kama napika injini. Na kweli ikaiva: fimbo ikasogea upana wa kucha, kisha kidole, kisha ikatoka nzima imevaa grisi ya zamani iliyokauka, kahawia, rangi ya halua, ya kukatwa kwa kisu. Maji ya moto yanalainisha grisi bila kuchoma boti ya mtu. Laiti ningelianza nayo kabla ya nyundo!

Kebo ikiwa nje, zungusha usukani. Wangu ulikuwa mwepesi, kwa hiyo kebo ilikuwa nzima na mchafu ni tyubu peke yake. Nikaisugua kwa msasa uliozungushwa kwenye ufito, dizeli ndani, hadi ikang'aa. (Ngozi ya kebo ikiwa imepasuka au fimbo imeliwa na kutu, usijidanganye na mafuta, nunua mpya.) Na mkipiga grisi, pindeni usukani kwanza hadi fimbo iingie yote ndani ya tyubu. Ukipiga ikiwa imechomoza, grisi inajazana na kuifungia kabisa.

Tuje kwa maji. Niliyalamba: chumvi. Si mvua basi, ni bahari. Nikangoja bamvua, zile siku za mwezi mpya au mpevu maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi. Hapa kwetu maji ya bamvua hupwa sana kuelekea saa nne, saa tano asubuhi, na kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, kwa hiyo unapata chelezo cha kutengenezea boti bila kumlipa mtu. Alfajiri tukaiegesha mchangani upande wa Mtongwe, ikapwelewa. Wote wakangoja nitambae chini kutafuta ufa. Mimi nikamimina mitungi ya maji ndani ya ngama, nikatia rangi ya biriani, nikaifuta boti kwa nje hadi ikakauka, kisha nikalala mchangani nikitazama tumbo lake jeupe.

Ufa haukuwapo. Tone moja tu la rangi ya chungwa likajitokeza kwenye koki ya shaba. Nikaikwaruza kwa kisu, chini yake ikatoka rangi ya waridi: chumvi imeshakula zinki iliyochanganywa na shaba, shaba imebaki sponji. Nikatia ya bronzi. Lakini tone haliwezi kujaza boti usiku mmoja.

Maji yalipojaa na boti ikaelea, vijana wakarukia tezini, nyuma ya boti, wote kwa pamoja kutaka kubebwa. Nikasikia mlio. Tundu la kutolea maji ya pampu lilikuwa limezama, na maji yalikuwa yakirudi kupitia mpira, yakibubujika kwenye pampu yenyewe kuingia ngamani. Mwizi ni yeye! Tangi la petroli likijaa, tezi inashuka, tundu linazama. Pampu inatoa, ikizima maji yanarudi, inatoa tena, mpaka betri inakufa. Pampu kubwa ingeiua mapema zaidi.

Nikalihamisha tundu juu kabisa chini ya ukingo, mpira nikaupandisha kona ndefu, na kwenye kilele chake nikaweka kitundu cha hewa ili maji yasivutane. Mpira na klipu zisizoshika kutu, mbili kila mwisho, elfu mbili tatu hivi. Wako watakaokuambia tia valvu ya njia moja: uzi wa mshipi ukikwama ndani yake, umerudi ulikotoka. Swichi ya kuelea, ile inayoiwasha pampu yenyewe maji yakipanda, nikaiunga moja kwa moja na betri, na fyuzi katikati.

Tundu la zamani nililiziba kwa faiba mwenyewe. Kibandiko kina vinundu na kinachekwa, lakini hakivuji.