Kinu cha Mama Mkwe na Kashata za Wanachuo

Mwaka juzi, mwishoni mwa Novemba, wanachuo watatu waliopanga kwangu hapa Malimbe, Mwanza, walinigongea mlango jioni. Shikamoo zao zilikuwa ndefu kuliko kawaida, nikajua wana shida. Nilidhani ni kodi, maana boom, ile hela yao ya mkopo wa chuo, lilikuwa limechelewa. Kumbe walichotaka ni jiko langu la uani, wapike kashata wauze stendi ya Nyegezi msimu wa Krismasi, watu wanapopanda mabasi ya Bukoba na Geita. Mtaji wote ulikuwa Sh60,000 na ndoo moja yenye mfuniko.

Hela sikuwapa. Niliwahi kumkopesha mwanachuo mmoja mtaji wa mitumba, na hadi leo tukionana sokoni kila mtu anajifanya anachagua nyanya. Niliwapa jiko, sufuria mbili na mtungi wa gesi, ukiisha wajaze wenyewe. Na sharti moja: waanze na kashata za nazi, za karanga zifuate baadaye. Binti wa Tanga alifurahi, kwao kashata ni nazi. Binti wa Ukerewe na kijana wa Kahama wakanuna. Karanga huku kwetu zimejaa, nazi inapanda lori kutoka pwani na bei yake Mwanza haina utani.

Ikabidi niwaeleze. Mjukuu wangu ninayekaa naye, wakati huo ana miaka 6, ana mzio wa karanga. Tuligundua akiwa na miaka 2, kwa vijiko viwili vya uji wa lishe. Watu wakisikia wanacheka: "Mpe kidogo kidogo, atazoea." Mwili wake unaiona protini ya karanga kama adui, na kuikaanga karanga hakuipunguzii makali. Nazi anakula vizuri. Karanga ni jamii ya kunde na maharage, nazi ni tunda la mti mwingine kabisa.

Jumamosi ya kwanza nilisimamia mwenyewe. Sufuria zilisuguliwa kwa sabuni na maji ya moto. Mwiko mpya, dasta mpya. Kijana wa Kahama alipojipaka kile kitakasa mikono kilichobaki toka enzi za korona, nilimrudisha bombani: kile kinaua vijidudu, lakini mabaki ya karanga hakiyaondoi, yanataka sabuni na maji. Nazi ikakunwa, sukari ikayeyuka, hiliki ikatwangwa. Wakamwaga kwenye trei na kukata vipande kabla havijakauka. Harufu ilifika hadi barabarani.

Mjukuu alipewa kipande cha pembeni. Alikula nusu, akaanza kujikuna shingo. Nikamwambia acha, ni joto. Akakohoa. Nilipomgeuza kwenye mwanga, midomo ilikuwa imevimba kama ameumwa na nyuki na shingo imejaa vipele. Sikumbuki nilivyofunga mlango. Bodaboda alitupeleka hospitali, akachomwa sindano ya adrenalini pajani, na tukazuiwa hapo hadi usiku kwa sababu hali hiyo huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Nesi aliuliza amekula nini. Nazi, sukari na hiliki, nikamjibu.

"Na vyombo, mama?"

Usiku ule niliwalaani wale watoto moyoni. Nilisema wamenidanganya, wamechanganya karanga nyuma ya mgongo wangu, asubuhi wahame. Alfajiri nikaingia jikoni, wao wamesimama ukutani kama wanaosubiri hukumu. Nikaanza kuuliza kimoja kimoja. Sufuria? Mwiko? Trei? Nazi ilikunwa na mbuzi ipi? Hiliki mlitwangia wapi?

Binti wa Ukerewe akanyoosha kidole. "Kwenye hicho, mama. Ulitupa wewe."

Kinu cha mama mkwe. Kwa zaidi ya miaka 20 nimetwangia humo karanga za kuungia nsansa, zile mboga za majani zilizokaushwa. Nilipitisha kidole chini, kwenye nyufa za mti, kikatoka na mafuta ya rangi ya kahawia. Nilikaa kwenye kigoda nikakosa la kusema. Hawakuhama.

Kuanzia hapo kazi ilibadilika. Vyombo vya nazi vilipakwa rangi nyekundu kwenye mpini na kukaa kabati la peke yake. Karanga hupikwa Ijumaa, na baada yake kila kitu kinaoshwa, nguo za kupikia zikiwemo. Kijana alileta pipi za kupima kutoka Makoroboi ili kupamba mifuko. Hazina karatasi wala jina la kiwandani, nikazirudisha. Alipotaka kuongeza maziwa ya unga ili nazi itoshe, sikukataa, ila nikamwambia basi yaandikwe, kuna mtoto wa mwenzio hayawezi.

Lebo ndiyo ilituchukua muda. Mwalimu wa watoto kanisani aliagiza mifuko 80 kwa sherehe ya Krismasi, akataka iandikwe "haina karanga". Wanachuo wangu walikuwa tayari, oda kubwa ile! Mimi nikagoma. Hatuna maabara, na jiko lile lile linapika karanga Ijumaa. Tukaandika nazi, sukari, hiliki, maziwa ya unga, na chini yake: "Jikoni humu hupikwa pia karanga." Mwalimu alisoma mara mbili, akapunguza hadi mifuko 65. Wale wengine aliwanunulia ndizi. Sikumlaumu, hata mimi ningefanya hivyo.

Msimu uliisha wakiwa wamerudisha mtaji na kugawana Sh47,000 kila mmoja, kodi ya Januari ikalipwa kwa wakati, jambo ambalo kwangu ni habari. Mwaka jana nikawasukuma waende SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapate mafunzo na barua ya kuwafikisha TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula. Binti wa Tanga bado anahangaika na hayo makaratasi; kijana wa Kahama amehitimu na kuacha kashata, sasa anauza vifungashio.

Kinu sikukitupa, ni cha marehemu. Kipo kwa jirani yangu wa juu. Siku nikitamani nsansa, nabeba karanga zangu kwenye kimfuko, napanda kilima kwenda kutwanga kwake, tunakula huko huko, na mikono nanawa kabla ya kushuka.