Joto halijapita ila baridi imeingia

Juzi nilikuwa naenda Lushoto, kule juu milima ya Usambara, kwenye harusi ya binamu, na kwenye begi nimechomeka kipimajoto cha banda la vifaranga, kile cha kioo cha bei chee. Mama kaniangalia tu, kasema haya. Sababu ni neno moja limenikaa kichwani tangu kidato cha tano: adiabatiki.

Fizikia tulisoma kwa Kiingereza, nikakariri kwamba mchakato wa adiabatiki ni ule ambao joto haliingii wala halitoki. Sawa. Mtihani ukaja, swali linasema hewa imebanwa kwa njia ya adiabatiki, tafuta halijoto yake mpya. Nikajua mtunzi kachemka, maana kama joto halijaingia hiyo halijoto mpya inatoka wapi? Nikaandika ni ileile ya mwanzo, nikala sifuri, na iliniuma kwa sababu nilikuwa na uhakika kabisa.

Kosa lilikuwa kwenye neno joto. Sisi ukisema "leo joto kali" unaongelea namba ya kwenye kipimo, hata kwenye utabiri wanasema nyuzi joto 32, halafu joto hilohilo ndo linalotoka kwenye mkaa kuingia kwenye sufuria. Vitabuni wamejaribu kutenganisha, kuna halijoto, kuna jotoridi, yote mawili ni ile namba ya kipimo, ila mtaani nani anasema jotoridi jamani. Basi nilikuwa na neno moja linafanya kazi mbili, na adiabatiki imekaa hapohapo katikati: joto la kuhama ni sifuri, lakini kipimo kinapanda au kushuka kama kawaida.

Ukitaka kuamini jaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono, pampu haraka haraka kama mara thelathini halafu shika kule chini karibu na mpira wa kutolea, panaunguza. Hakuna moto uliowashwa, ni nguvu ya mkono wako imeibana hewa ikageuka halijoto (msuguano wa ndani nao upo, sikatai, ila kule juu pampu haiungui kama kule chini). Injini ya dizeli inakula kwa utaratibu huohuo, haina plagi ya cheche, hewa inabanwa mpaka inakuwa ya moto kiasi kwamba dizeli ikirushwa inajiwakia.

Neno lenyewe nimelipenda zaidi nilipojua linakotoka. Ni Kigiriki, adiabatos, yaani pasipopitika, mwandishi wao wa kale Xenophon alilitumia kwa mito isiyovukika. Kwenye fizikia lililetwa na Rankine, injinia Mskoti wa Glasgow, na mwanafizikia Maxwell alipolichukua mwaka 1871 alisema wazi ni la Rankine. Mto usiovukika! Yaani joto limefika ukingoni, limekwama. Wangetuambia hivyo darasani ningeelewa siku ileile.

Haya, safari. Mombo, chini ya mlima, saa tano asubuhi kipimo kivulini kinasoma 33. Coaster ikaanza kuzunguka kona, tukapita Soni, masikio yanaziba yanazibuka, Lushoto nimekuta 25. Mombo iko kama mita 400 hivi, Lushoto karibu 1,400, yaani kilomita moja ya kupanda imekula nyuzi 8. Hewa kavu (yaani ambayo mvuke wake haujaanza kugeuka wingu) ikipanda inapoteza karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita, kwa sababu juu mgandamizo ni mdogo, inatanuka, na kutanuka ni kazi inayolipiwa na halijoto yake yenyewe. Haijanyang'anywa joto na mtu, maana hewa inapitisha joto kwa shida na bonge lenyewe ni kubwa, linapanda kabla halijapata muda wa kubadilishana na jirani. Likifika pale mvuke unapogeuka wingu, mvuke unaachia joto lake fiche (lile lililoyafanya maji yawe mvuke) na upoaji unapungua, kwenye hewa yetu yenye unyevu unakuwa nyuzi 4 mpaka 5 hivi kwa kilomita. Nane yangu imeangukia katikati, ingawa kusema kweli hewa ya Lushoto mchana ule si lazima iwe imepanda kutoka Mombo, na kipimo chenyewe ni cha vifaranga.

Kilichonifurahisha zaidi ni kushuka. Upepo wa baharini unapanda Usambara, unamwaga mvua kule Amani, ukija kuteremka upande wa Mombo na Mkomazi maji umeshayaacha milimani, na unavyoteremka unabanwa, unapata moto kila hatua. Ndo maana huku juu watu wanalima kabeji na pichi, chini ni mkonge.

Wakati wa kurudi nilifunga chupa tupu ya maji kule Lushoto, nikaikaza kifuniko. Kufika Soni imeanza kubonyea, kufika Mombo imekunjamana kama imekaliwa. Hiyo sasa si adiabatiki, plastiki ni nyembamba na safari ni ndefu, joto limevuka linavyotaka, chupa imeonyesha mgandamizo tu. Nilikuwa nimeishika naigeuzageuza, konda akanyoosha mkono, "Kaka, hiyo nikutupie?" Nikamwambia subiri kidogo, nikafungua kifuniko asikie ile fyuu ya hewa kuingia. Akanicheki, akahamia kwa abiria mwingine.