Korosho amelaza kidevu mguuni pangu

Jamani, leo nina furaha, acheni niseme.

Mnamkumbuka yule mbwa mdogo wa umbo, mzee, aliyekuwa akizurura karibu na soko la samaki hapa Mtwara? Mwenyewe alihama mji, akamwacha. Nikamchukua, nikampeleka kwa daktari wa mifugo akachanjwa kichaa cha mbwa, nikampa jina Korosho. Meno mengi yameng'oka, usoni mvi tupu.

Tangu aje alikuwa akilala mlangoni, uso nje, kama anayesubiri kufukuzwa.

Leo jioni nimekaa barazani nachambua dagaa. Akaja polepole. Akanusa kanga yangu. Halafu akalaza kidevu juu ya mguu wangu, akashusha pumzi ndefu, mwili wote ukalegea.

Sikusogea.

Mguu ukafa ganzi, dagaa wakabaki kwenye ungo, magharibi ikaadhiniwa bado nimekaa palepale.

Wengi waliniambia nichukue mtoto wa mbwa. Mimi naona mzee ana raha yake: hatafuni viatu, habweki ovyo, usiku analala. Na mbwa wenye umbo dogo kwa kawaida huishi miaka mingi kuliko wenye umbo kubwa, wengine hufika 15. Bado tuna muda, mimi na yeye.

Nyie mnaoishi na mbwa wazee, mnawapa chakula gani laini? Mimi namlowekea ugali kwenye mchuzi wa samaki, miiba natoa kwanza.

Na mwenzake, jike mdogo, bado yuko pale sokoni. Nani ana nafasi nyumbani? Niandikieni hapa.