Tani 7 zilinitosha

Kuni za nyumbani nimezichanja kwa shoka na kabari tangu ujana, na nikijisifu kwa hilo. Halafu bega la kulia likanigomea. Nikiinua shoka, lilikuwa linalia "ka!", na usiku sipati usingizi. Mke wangu akanipa mambo mawili: nitafute mashine ya kupasulia kuni, au tuanze kununua kuni zilizokwisha kupasuliwa. Kununua kuni huku magogo yamejaa uani niliona aibu, basi nikatafuta mashine.

Nilianzia pabaya, kwenye tani. Mashine hizi hutangazwa kwa nguvu ya msukumo: tani 5, 7, 22, hata 30 na zaidi. Nikajiambia kubwa haikosei. Jirani yangu seremala akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ndugu yangu, magogo yako umeyapima?"

Sikuwa nimepima. Nikachukua futikamba na chaki, nikashinda nusu siku kwenye rundo. Unene haukunitisha: mengi yalikuwa na kipenyo cha sentimita 20 hadi 28, machache tu yalifika 40. Mkorogo ulikuwa kwenye urefu. Miaka yote nimekata kwa kukadiria kwa macho, kwa hiyo mengine yalikuwa sentimita 35, mengine 55 na kitu. Nyingi ya mashine ndogo za umeme hupokea gogo lisilozidi sentimita 52, nyingine 37 tu. Yaani sehemu kubwa ya rundo langu isingeingia, hata tani zingekuwa ngapi. Jiko langu lenyewe halimezi zaidi ya sentimita 45! Siku hiyo nikachonga kijiti cha sentimita 40, na tangu hapo sikati gogo bila kulipimia kijiti.

Ya mkono, inayofanya kazi kama jeki ya gari, niliazima nikaijaribu. Haina kelele wala haitaki umeme, ila kwa gogo moja gumu nilipampu hadi nikasahau nilichokuwa nafanya. Magogo matano, bega likanikumbusha kwa nini nilikuwa natafuta mashine. Ya petroli ina nguvu kweli, na kwa mtu mwenye shamba mbali na umeme sioni nyingine. Mimi ningeitumia wiki chache kwa mwaka, muda uliobaki petroli inachachia kwenye kabureta. Ipo pia ile ya gurudumu zito linalozunguka, isiyotumia haidroliki, yaani msukumo wa mafuta, ambayo hupiga mara moja na kurudi kwa sekunde chache. Niliitazama ikifanya kazi, nikatazama vidole vyangu, nikaondoka.

Nikachukua ya umeme, ya kulala, yaani gogo hulazwa na kusukumwa kwenye kabari, tani 7, mota ya wati 2,200, urefu wa gogo sentimita 52. Kuiendesha kunataka mikono yote miwili: mmoja kwenye swichi, mwingine kwenye wenzo. Ukiachia mmoja, msukumo unakoma. Kuna aliyenishauri nifunge wenzo kwa mpira ili mkono mmoja uwe huru kushika gogo. Nilimshukuru, sikufunga.

Siku ya kwanza mota ilinguruma tu bila kuwaka vizuri. Nilikuwa nimeiunga kwa waya mwembamba wa kurefushia, mrefu, tena ukiwa bado umeviringwa. Nilipougusa ulikuwa wa moto. Nikabadilisha nikaweka mnene wa milimita za mraba 2.5, nikaukunjua wote, ikanyamaza na kufanya kazi.

La pili liliniuma zaidi. Pembeni ya tangi la mafuta kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa. Kabla ya kuanza unailegeza kidogo, ukimaliza unaikaza ili mafuta yasimwagike ukiisogeza mashine. Mimi niliisahau ikiwa imekazwa, nikapasua asubuhi nzima. Hewa iliyobanwa ndani ikaharibu sili, ile inayozuia mafuta yasivuje, na jioni nikakuta mafuta yanachuruzika kwenye reli. Fundi aliyebadilisha sili alinicheka bila kuficha. Sasa skrubu hiyo nimeipaka rangi nyekundu.

Kwenye gogo lililonyooka, msukumo ukianza unasikia ufa ukitangulia mbele ya kabari, na vipande vinalala huku na huku. Mkaratusi mkavu ni hadithi nyingine. Nyuzi zake zimesokotana, kabari inaingia kidogo, mota inabadilisha sauti, gogo limekaa pale pale. Hapo naachia mapema, sivuki sekunde 5, maana kung'ang'ania kunachemsha mafuta bure. Naligeuza kichwa chini, au naanza kumega pembeni vipande vyembamba badala ya kulenga katikati. Mkaratusi uliokatwa karibuni unapasuka kwa urahisi zaidi, kwa hiyo siku hizi sisubiri ukauke.

Mashine ina kilo karibu 50. Kijana wangu alinisaidia kuipandisha juu ya benchi imara, na mgongo nao ukapumua.

Yamebaki magogo tisa nyuma ya banda, yenye mafundo mapana kama sahani. Nimeyajaribu kila upande yakakataa. Hayo yanamsubiri rafiki yangu mwenye mashine ya petroli, na yeye ameshasema atakuja akipata nafasi.