Nimefata kambale Bagamoyo, nusura anivunjie ndoa

Jumamosi nilienda Bagamoyo, na sio kwa ajili ya bichi wala magofu ya Kaole, nilifata kambale. Mshkaji wangu wa huko alinipigia akasema masika imekolea, Ruvu imetapika mpaka kwenye majaruba ya mpunga na kambale wamejaa kwenye majani. Nikadandia gari Makumbusho, kufika stendi nikachukua boda, njia tope tupu, mara mbili tumeshuka tukasukuma.

Tukamkuta mzee anakagua migono yake, ile mitego ya samaki. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, usisogee hapo kuna mamba. Nikarudi nyuma chap!

Maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa, yananuka majani yaliyooza, yaani samaki mwingine pale angekata moto, ila kambale kila baada ya muda anapanda juu anabugia hewa, anashuka, anaacha povu. Mzee akampasua mmoja, akaninyooshea kidole juu ya matamvua, kuna kitu chekundu kina vitawi vitawi kama kijimti, akasema anapumulia hiki, ndo maana dimbwi likikauka anajikokota kwenye nyasi mbichi usiku kutafuta jingine. Afu nikagundua migono yote kaiacha kichwa nje ya maji, nikamuuliza, akacheka, nikiizamisha wananifia maji humo ndani. Samaki kufa maji, we umeshawahi kusikia?

Na kule kwenye majani hawajafata chakula tu, wanataga, mayai yananata kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko na siku mbili hivi nyingi vitoto vishatoka.

Nikanunua wawili, kumshika mmoja vibaya akanichoma na ule mwiba wa pezi la ubavuni, una meno kama msumeno, kidole kimevimba mpaka leo. Mzee akawatia kwenye kiroba na majani mabichi. Hapo hawana maji hata tone, saa nne nzima boda, gari, foleni ya Tegeta, mi najua nimebeba maiti.

Nafika home namwaga kiroba jikoni, mmoja kimya, mwingine huyoo chini ya friji na ndevu zake nane! Mama mkwe alikuwepo, Msabato yule, kambale hali kwa vile hana magamba, kapandisha miguu kwenye kochi anakemea mapepo. Wife akanipa ufagio, akanambia huyo mgeni wako mtoe mwenyewe.