Tezi yangu na wajuzi wasioulizwa

Sitaki kusikia tena habari ya "kusafisha tezi". Kila niliyemwambia kuwa tezi yangu ya shingo, hii wanayoiita thairoidi, inafanya kazi kwa uvivu, alikuwa na kitu cha kuisafishia. Shubiri. Habasoda kwa asali. Maji ya ndimu na tango yaliyolazwa usiku kucha. Shoga yangu mmoja alinishika mkono kabisa akaniuliza, "Na hizo dawa za hospitali utameza mpaka lini?" Mpaka Mungu apende, shoga. Majibu yangu ya kipimo yametulia sasa, nywele zimerudi, na naandika haya kwa sababu nilifika hapa bila kusafisha chochote.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na Februari ya Mombasa mnaijua. Mume wangu alikuwa akilala barazani kwa joto, mimi niko ndani na sweta na blanketi nasikia baridi. Nikiketi tu, usingizi. Choo siku tatu hakiji. Hedhi nzito mpaka nilikuwa naogopa kutoka nyumbani. Nywele zikibaki kwenye kitana kwa mafungu. Mamangu akasema ni jicho, akanipeleka kuandikiwa kombe. Nililinywa, na wala silidharau, kwa sababu mzee aliyeniandikia ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, hili unywe, na kesho uende ukapime damu." Wajuzi wote walionishauri baadaye hawakufikia nusu ya busara yake.

Kipimo chenyewe kinaitwa TSH. Hii si homoni ya tezi ya shingo, ni amri inayotumwa na tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo kuiambia ya shingo ifanye kazi. Ya shingo ikilegea, amri huzidishwa, kwa hivyo namba ikiwa kubwa ujue kazi haiendi. Kawaida ni kama 0.4 mpaka 4 hivi, kutegemea maabara. Yangu ilikuwa imepita 20. Wakaongeza kipimo kingine cha kuonyesha kama kinga ya mwili inaishambulia tezi yake yenyewe, na ndivyo ilivyokuwa. Ugonjwa huo una jina la daktari wa Kijapani, Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Sasa niambieni, kinga ya mwili inapoishambulia tezi, tango litasafisha nini?

Na hili la kuambiwa nijitibu "kwa njia ya asili" pia lilinichosha. Kidonge ninachomeza, levothairoksini, ni homoni ileile tezi inayoitengeneza, imetengenezwa kiwandani tu. Kabla ya vidonge watu walitibiwa kwa tezi ya kondoo. Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimchoma sindano mama mmoja ya maji yaliyokamuliwa kwenye tezi ya kondoo. Mama yule alipata nafuu na akaishi mpaka 1919. Nilimsimulia mjomba wangu kisa hiki, na Idi ya kuchinja ilipofika akanipigia simu kwa dhati kabisa kuuliza kama aniwekee shingo. Nilimwambia aniwekee mbavu.

Tuje kwenye penyewe. Nilianza na vidonge vya maikrogramu 50. Kwenye duka la dawa niliambiwa "kimoja kwa siku", basi. Nikawa nakimeza asubuhi na chai yangu ya maziwa na mahamri, na kwa sababu hedhi ilikuwa imenimaliza damu, pamoja nacho nameza vidonge vya kuongeza damu. Vyote kwa mkupuo mmoja, mtu na mpangilio wake. Baada ya wiki sita nikapima: namba imeshuka kidogo tu. Daktari akanipandisha 75. Wiki nyingine kadhaa, bado. Akanipandisha 100. Mimi sweta liko palepale. Hapo ndipo wale wa shubiri walipopata nguvu: "Si tulikwambia?"

Aliyenifungua macho ni muuguzi mmoja mtu mzima aliyekuwa akinipima presha. Hakuangalia faili. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, unakimeza na nini?" Nilipomtajia orodha yangu, alicheka mpaka akaweka mashine chini. Maziwa yana kalisi, vidonge vya damu vina chuma, na vyote viwili hukishika kidonge tumboni kisipenye kuingia kwenye damu. Kahawa nayo hukipunguza nguvu. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nalipia dawa, na sehemu kubwa yake inaishia chooni. Akaniambia: maji matupu, tumbo tupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kula, na vidonge vya damu vikae mbali nacho kwa saa nne.

Nilifuata, na ndani ya wiki chache moyo ukaanza kwenda mbio kama pikipiki ya bodaboda asiye na leseni. Usiku macho makavu, mikono inatetemeka. Wajuzi tena: "Dawa imekudhuru, iache!" Sikuiacha, nilirudi hospitali. Maelezo yalikuwa mepesi: ile 100 ilipandishwa kwa ajili ya mtu anayeimwaga kwenye chai. Sasa ilikuwa inaingia vizuri. Nikashushwa mpaka 75, moyo ukatulia, na kipimo kilichofuata kikawa ndani ya mstari. Ndiyo maana nasema, ukibadilisha namna ya kumeza, mwambie daktari apime tena. Usijipunguzie wala kujiongezea.

Lakini asubuhi yangu ilikuwa imeharibika. Nyumba yetu huamkia chai, na mimi nikae natazama mahamri yakipoa? Nikasikia kuwa mtu anaweza kumeza usiku, ukipita muda wa saa tatu hivi tangu ale chakula. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Ila kwetu chakula cha usiku ni saa nne, na baada ya chakula wageni hawaishi, na mgeni hanywi kahawa na tende peke yake. Nikawa nakaa mpaka saa saba usiku nasubiri tumbo liwe tupu. Usiku mmoja nilisinzia kitini kidonge kikiwa kiganjani. Nilipoamka kilikuwa kimeyeyuka kwa jasho, kimegandia kwenye leso. Mume wangu akaniuliza kama leso nayo ina tezi. Mpango wa usiku ukafa hapo. Daktari alinituliza kuwa kukosa kidonge kimoja si msiba, kwa maana dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, baada ya wiki nzima bado nusu yake imo.

Hila iliyofaulu ni ya kijinga kwa wepesi wake. Kidonge kimoja na gilasi ya maji iliyofunikwa vinalala kando ya kitanda. Adhana ya alfajiri ikilia, nameza, naswali, napika, natayarisha watoto. Ikifika chai, saa nzima imeshapita bila mimi kuihesabu. Vidonge vya damu vikahamia baada ya chakula cha mchana, na maji ya machungwa, si chai, kwa sababu chai nayo huzuia chuma. Pakiti ya vidonge vya tezi hukaa kabati la chumbani. Jikoni kwetu na mvuke ule dawa haiwezi kudumu.

Chakula sasa. Hapa ndipo niliposhauriwa upuuzi mwingi kuliko popote. Acha muhogo. Acha kabichi. Acha chumvi ya duka, tumia ile ya waridi ya milimani, ni "safi". Hii ya chumvi ndiyo mbaya zaidi. Kenya chumvi ya mezani hutiwa madini ya ayodini kwa sheria tangu miaka ya 1970, na tezi haiwezi kutengeneza homoni bila ayodini. Ile ya waridi kwa kawaida haikutiwa. Unalipa pesa nyingi zaidi kwa kukosa kitu ambacho ya bei rahisi inacho! Naiweka kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na jiko, na naitia mwishoni mwa mapishi, kwa sababu joto na unyevu huipunguza ayodini. Sizidishi, presha ipo.

Kabichi ina kisa chake. Mwaka 1928 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waligundua sungura wao wamevimba shingo, na sungura hao walikuwa wakilishwa kabichi karibu peke yake. Mimi nakula kabichi ya kukaanga na wali, mara moja kwa wiki. Sina masikio marefu. Na muhogo kweli una kitu kinachoizuia ayodini kuingia kwenye tezi. Kwenye kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu, Kongo, watafiti waliona watu wengi wenye rovu, na chanzo kilikuwa ayodini haba pamoja na muhogo wa kila siku. Ni haba na kila siku, vyote viwili. Muhogo wangu wa nazi, uliopikwa ukaiva, wa siku ya Jumapili, nilimuuliza daktari akaniruhusu, na niliula siku hiyohiyo kabla hajabadilisha mawazo.

Kisha ikaja chupa kutoka Dubai. Mke wa ami yangu, Mungu amhifadhi, aliniletea vidonge vya mwani wa baharini, "vya tezi, vya asili kabisa". Niligeuza chupa nikasoma. Mtu mzima anahitaji ayodini maikrogramu 150 hivi kwa siku, na humo kidonge kimoja kilikuwa na mara kadhaa ya hizo. Kwa mwenye Hashimoto ayodini ikizidi inaweza kuizorotesha tezi zaidi, kwa hivyo asili au si asili, kwangu ni hasara. Sikuvimeza wala sikumwambia. Kila akipiga simu kuuliza namwambia naendelea vizuri, na si uongo.

Vidonge vya nywele, vile vyenye vitamini iitwayo bayotini, navyo viangalieni. Si kwamba vinaidhuru tezi, bali vinaweza kuchafua majibu ya maabara, ukaonekana uko sawa kumbe sivyo. Mimi niliviacha siku chache kabla ya kupima, na nikamwambia daktari kuwa nilikuwa navyo.

Unene, nitasema ukweli uliouma. Nilidhani tezi ikitulia, mwili utarudi wa harusini. Nikaambiwa kuwa tezi peke yake kwa kawaida huongeza kilo chache tu, na nyingi yake ni maji na chumvi. Zangu zilikuwa nyingi mno kuisingizia tezi, zilikuwa za mahamri. Kwa hivyo jioni natembea Lighthouse, pale kando ya bahari, kutoka upande wa feri mpaka kule kwa wauza madafu, kabla harufu ya mihogo ya kukaanga haijanishinda. Nilianza nikirudi na tuktuk. Kutembea na dengu na mchicha ndivyo vilivyonifungulia choo, dawa ilisaidia nusu tu. Na kulala mapema, simu ikiwa sebuleni, kulinipa nguvu za asubuhi kuliko maji yoyote ya ndimu. Tezi yenyewe havikuiponya, ila mimi vilinirudisha.

Ramadhani ndiyo iliyonipa kazi. Nilikwenda hospitali tangu Shaabani, mwezi unaoitangulia. Daktari, ambaye hafungi, akapendekeza nifuturu kwa maji na kidonge kisha ningoje nusu saa ndipo nile. Nilimtazama tu. Siku ya kwanza nikajaribu, nisije nikaitwa mbishi. Sambusa mbele yangu, viazi karai, kaimati zinang'aa kwa shira, nyumba nzima inatafuna, na mimi naangalia saa ya ukutani. Mwanangu mdogo akaniuliza, "Mama, wewe bado umefunga?" Nilifika dakika ya kumi na mbili nikashika kaimati, na sikushika moja.

Usiku huo nikafikiria: tumbo langu huwa tupu lini? Kabla ya daku! Nikatega saa tisa na nusu usiku, kila mtu amelala. Nameza kwa maji, naswali rakaa zangu kwa utulivu nisioupata mchana, kisha nawasha jiko kupasha chakula. Saa kumi na robo naamsha watu, daku iko mezani, na muda wa kidonge umetimia. Vidonge vya damu baada ya tarawehe. Mama mkwe alipoona naamka kila usiku mapema hivyo, aliwasimulia majirani kuwa mkwewe hakosi tahajudi, ile sala ya usiku wa manane. Sikumsahihisha.

Baada ya Idi nilipima, namba imesimama vilevile. Daktari akaandika mpango wangu kwenye karatasi yake, na sasa nasikia anawapa wengine. Jambo moja tu namkumbusha wa maabara kila nikienda, maana wengine husahau: atoe damu kwanza, kidonge cha siku hiyo nitakimeza nikishatoka.